Mbao za paini zenye dawa Mtwara na Lindi: unauziwa dawa au rangi?

Anayepaua nyumba Mtwara leo, awe Chuno, Ufukoni au Mikindani, karibu lazima atapandisha paini juu ya kuta zake. Mninga na mkongo zimekuwa za kutafutwa kwa tochi, boriti za mikoko hazikatwi ovyo kama zamani, na maduka ya mbao yanajazwa na malori kutoka Mafinga, Makambako na Njombe. Mengine hupitia Songea, Tunduru na Masasi, mengine huzunguka Dar es Salaam na kushuka kwa Kibiti hadi Lindi. Ukifika dukani utaonyeshwa mafungu mawili: mbao nyeupe na mbao za dawa. Tathmini hii ni ya fungu la pili: 2x2 za papi (zinazopigiliwa bati), 2x4 na 2x6 za kenchi (fremu za paa), na 1x8 za fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa), vipimo vyote kwa inchi.

Hukumu tuitangulize. Paini iliyoshindiliwa dawa ndani ya mtungi wa presha ni bidhaa nzuri kwa paa la pwani, na tunaipa alama nne kwa tano. Paini iliyochovywa kwenye pipa ikatoka na rangi ya kijani inapata alama moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu ndani ya dari kavu inaweza kuishi miaka kadhaa isipofikiwa na mchwa. Shida ni kwamba zote mbili zinapangwa dukani zikiwa na rangi ileile. Ili kuzitenganisha, ni vizuri kujua kwanza paini hujilinda vipi ikiwa hai, maana dawa ya kiwandani inafanya kazi ambayo mti wenyewe uliiacha siku ulipoangushwa.

Mti ukiwa umesimama

Chanja gome la msindano, yaani mti wa paini, kwa panga alfajiri, mti ukiwa umejaa maji ya usiku. Utomvu utatoka bila kukamuliwa, kwa sababu ndani ya shina umebanwa. Mti wa paini umepitiwa na mirija miembamba, mingine ikipanda sambamba na shina, mingine ikitoka ndani kuelekea kwenye gome. Seli hai zinazoizunguka mirija hiyo ndizo zinazotengeneza utomvu na kuusukuma humo. Msukumo ni mkubwa alfajiri, hupungua adhuhuri majani yanapovuta maji, na huanguka kabisa ukame ukiwa mkali. Mbawakawa wa magome, mdudu asiyezidi milimita chache kwa urefu, hufaidika sana na siku hizo za kiangazi kikali.

Utomvu huo umebeba silaha mbili. Sehemu nyepesi, kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake, ni tapentaini: mchanganyiko wa monoterpini, kemikali nyepesi za jamii ya terpini, kama alfa-pinini, beta-pinini, limonini na karini. Hizi ndizo harufu ya paini, na ndizo sumu inayomwingia mdudu kwa pumzi na kwa kugusa. Limonini ni miongoni mwa zile kali zaidi kwake. Sehemu nzito ni rosini, yaani asidi za diterpini, asidi ya abietiki na jamaa zake. Tapentaini huifanya rosini itiririke. Ikishafuka hewani, rosini hubaki nyuma na kuganda, huziba tundu na kumfunika mdudu kama ndege aliyenaswa kwenye ulimbo. Kwa hiyo mti unaua, unaziba jeraha na kuzuia uozo kwa kitu kimoja. Wanaogema utomvu wa misindano, kama mgema anavyogema mnazi, wanautumia mwitikio huohuo wa jeraha: wanachanja, mti unajibu, wanakinga kwenye mfuko, kisha utomvu unapikwa ili mvuke uwe tapentaini na mabaki yawe rosini.

Watu wa Kilwa na Lindi wana mfano wao wa nyumbani. Mnangu, ambao wengine huuita msandarusi, huota kwenye misitu ya pwani hii, na sandarusi yake iliyofukiwa mchangani ilichimbwa na kupelekwa Unguja katika karne ya 19, ikauzwa Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi. Ile sandarusi ni utomvu wa ulinzi uliogandia mahali mti ulipoumizwa. Mkorosho nao hutoa gundi ya kahawia bungua wa shina anapoutoboa, lakini gundi ya mkorosho ni ya jamii ya sukari, hulowa na kuvimba kwenye maji. Utomvu wa paini haujali maji, unataka spiriti au mafuta ili uyeyuke. Tofauti hiyo ikumbuke, tutairudia kwenye rangi ya dari.

Mdudu akiupita utomvu wa kwanza, kuna mstari wa pili. Ndani ya siku chache seli zinazozunguka tundu hujiua zenyewe, na eneo hilo linajazwa terpini na fenoli kwa wingi unaozidi mara nyingi kiwango cha kawaida, hivi kwamba kuvu aliyeletwa na mdudu hujikuta amezungukwa na ukuta wa sumu asio na chakula ndani yake. Baadaye mti hujenga mirija mipya ya utomvu kwenye mbao inayokua wakati huo. Kazi hii yote inagharimu sukari. Mti uliobanwa na wenzake, usiopata mwanga, hauna cha kulipia ulinzi, na ndiyo maana shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, miche 1,111 kwa hekta, kisha likapunguzwa kwa wakati, huwa na miti yenye nguvu kuliko shamba lililosongamana. Mnunuzi anafaidika hapo moja kwa moja, kwa sababu shamba linalotunzwa hivyo hupogolewa pia, na mbao yake ina vifundo vichache.

Mbawakawa naye hakulala. Huko Amerika ya Kaskazini, jike wa mbawakawa wa misindano ya milimani huichukua alfa-pinini, sumu aliyomwagiwa, na kuigeuza kuwa trans-verbenoli, harufu inayowaita wenzake. Mmoja hufa kwenye utomvu. Mamia wakija kwa pamoja, mti huishiwa. Miilini mwao wamebeba kuvu wa rangi ya bluu, na kuvu mmojawapo anaweza kuvumilia terpini na hata kuzifanya chakula. Mti ukijaa, harufu nyingine, verbenoni, huwaambia wanaokuja kwamba nafasi imekwisha, na wataalamu wa misitu wa huko huitundika verbenoni kwenye mifuko midogo ili kuwadanganya wadudu waipite miti wanayotaka kuiokoa. Kwenye jimbo la British Columbia nchini Canada, mlipuko ulioanza miaka ya 1990 uligusa zaidi ya hekta milioni 18 za misitu. Baridi ya majira yao ilipungua, mabuu hawakufa, na ukame ukaivunja miti nguvu.

Mti ukishaangushwa

Yote tuliyoyaeleza yanafanywa na seli hai. Msumeno ukishapita, hakuna msukumo, hakuna utomvu mpya, hakuna ukuta wa pili. Kinachobaki ni utomvu uliokuwamo tayari, na sehemu yake yenye sumu ni ileile inayofuka. Harufu nzuri unayoisikia dukani mbao inapokatwa ni tapentaini inayoondoka. Wapo wanaoamini harufu hiyo huwafukuza mchwa. Chini ya bati la Mtwara, kwenye joto la mchana, sehemu kubwa ya harufu hiyo haidumu, na mchwa wana subira kuliko harufu.

Mninga na mkongo ni habari nyingine. Miti hiyo huweka kemikali zake za ulinzi kwenye kiini kabla hujaikata, na kiini ni mbao iliyokufa tangu mti ukiwa umesimama, kwa hiyo ulinzi unabaki baada ya mti kufa. Mpingo ambao wachongaji wa Kimakonde wanaupigia patasi ni mfano mkali zaidi wa jambo hilo. Paini nayo huweka kitu kwenye kiini, zikiwamo stilbini kama pinosilvini ambazo kuvu hawazipendi, lakini inahitaji umri. Msindano unaopandwa zaidi Mufindi na Njombe, Pinus patula wenye asili ya Mexico, ukivunwa na umri wa miaka 8 hadi 12 karibu wote ni sehemu nyeupe ya nje. Hata ukikomaa, kiini chake hakifikii cha mninga. Nyeupe ya paini ni wanga kidogo, sukari kidogo, na mlango wazi.

Kuna upande mwema wa udhaifu huo. Nyeupe isiyo na kinga ndiyo inayopokea dawa vizuri kupita kiasi, na kiini chenye utomvu huikataa. Ndiyo maana paini, mti dhaifu kwa asili, inaweza kutengenezwa ikawa imara kuliko mbao nyingi za porini zisizo na sifa. Inategemea tu kilichofanyika kiwandani.

Kinachofanyika ndani ya mtungi

Dawa inayotumika zaidi kwa kazi hii ni ya shaba, kromu na aseniki. Mchanganyiko wake ulibuniwa India na Sonti Kamesan mwaka 1933, na aina ya kawaida ina oksidi ya kromu asilimia 47.5, ya shaba 18.5 na ya aseniki 34. Shaba inashughulika na kuvu, aseniki na wadudu pamoja na kuvu wanaostahimili shaba, na kromu inazifunga zote mbili kwenye nyuzi za mbao ili mvua isizioshe. Rangi ya kijani ni matokeo ya kemia hiyo. Rangi siyo dawa.

Mbao lazima iingie kavu, unyevu usizidi asilimia 25 hadi 30. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: mbao iliyopasuliwa wiki hii seli zake zimejaa maji, na maji hayapishi nafasi. Ikishakuwa kavu, mtungi hufungwa, hewa inavutwa kwa karibu nusu saa, dawa inaingizwa, kisha presha inapandishwa hadi karibu mara 10 hadi 14 ya ile ya hewa ya kawaida kwa saa moja au zaidi. Mwisho hewa huvutwa tena ili mbao isitoke ikichuruzika.

Hesabu yake ni rahisi na kila mnunuzi anaweza kuifanya. Ubao wa 2x4 wenye futi 12 kamili una mita za ujazo 0.0189, yaani mbao 53 hufanya mita moja ya ujazo. Paini nyeupe iliyokauka hunywa lita 400 hadi 600 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ubao mmoja unakunywa kati ya lita saba na nusu na kumi na moja. Kwa viwango vya Marekani, mbao ya juu ya ardhi inatakiwa ibaki na kilo 4 za dawa kavu kwa mita ya ujazo, inayogusa udongo kilo 6.4, na nguzo au kazi nzito ya ardhini kilo 9.6. Kwa ubao wetu wa 2x4 hiyo ni gramu 76, gramu 121 na gramu 181. Ubao uliochovywa dakika chache kwenye pipa haubebi hata nusu lita ya maji ya dawa, na yote yamekaa juu juu. Randa ikipita mara mbili imeiondoa.

Kukagua dukani

Uliza kwanza, kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Kaka, hizi zimeingia kwenye mtungi au zimechovywa? Zimetiwa dawa wapi, na kwa matumizi gani?" Muuzaji anayejua mali yake atakutajia kiwanda na atakuonyesha alama iliyogongwa kwenye kichwa cha ubao au kibati kilichopigiliwa. Anayejibu "zote ni za dawa" amekupa ruhusa ya kukagua mwenyewe.

Nunua ubao mmoja na uombe ukatwe, siyo pale mwishoni bali sentimita 30 au zaidi kutoka kichwani. Dawa huingia kirahisi kwa kufuata nyuzi, kwa hiyo kichwa cha ubao huwa kijani hata pale ambapo katikati hamna kitu. Angalia mkato mpya. Rangi ikiwa imejaa sehemu yote nyeupe na kuacha tu kiini chenye rangi ya asali, dawa imeingia. Ikiwa ni mstari mwembamba kama ganda la yai na ndani kweupe, hiyo ni ya pipa. Doa lisilo na rangi ya dawa katikati ya sehemu nyeupe, lisilo kiini, maana yake mbao iliingia mtungini ikiwa mbichi. Mtihani huu unagharimu ubao mmoja, na ubao huo hautapotea: utafaa kwa vipande vya kukazia kenchi.

Kisha futikamba. Ubao unaoitwa 2x4 ukikuta ni milimita 45 kwa 90, umepoteza zaidi ya moja ya tano ya ujazo. Hasara kubwa haiko kwenye ujazo: uwezo wa kukataa kupinda huenda kwa kipeo cha tatu cha kimo cha ubao (kimo mara kimo mara kimo), na kwa vipimo hivyo umepungua kwa karibu asilimia 38. Kama fundi aliweka kenchi kila futi 4 kwa kuhesabu 2x4 kamili, paa litalala.

Angalia kichwa cha ubao uone pete za ukuaji. Pete pana kuliko sentimita moja zilizopinda sana, huku kitovu cha mti kikiwa ndani ya ubao, ni dalili ya mti mchanga. Mbao ya namna hiyo ni nyepesi, husinyaa hata kwa urefu, na hujinyonga kama kamba. Dawa haiponyi hilo. Lala chini, funga jicho moja, tazama ubao kwa urefu wake. Uliojinyonga dukani hautanyooka kwenye kenchi.

Matundu yana lugha yake. Tundu dogo jeusi la milimita moja au mbili, lisilo na unga, ni la mdudu aliyetoboa gogo likiwa bichi. Yeye na kuvu wake walihitaji unyevu, na mbao ilipokauka walikufa. Ubao huo ni mbaya kwa sura, siyo kwa kazi. Tundu lenye unga mpya unaomwagika ukigonga ni la bungua aliye hai, rudisha. Mbawakawa wa magome hawezi kuishi kwenye ubao mkavu ulioondolewa gome, maana chakula chake ni ile nyama laini kati ya gome na mbao. Lakini ubao uliobaki na ukanda wa gome pembeni humficha yeye na wengine, na chini ya gome dawa haikuingia vizuri. Usipokee mbao zenye gome, hata muuzaji akipunguza bei.

Madoa ya bluu au kijivu yanawatisha watu bure. Ni kuvu wa jamii ileile wanaobebwa na mbawakawa wa magome kule kwao, ila hapa nchini si lazima waje na mdudu, mbegu zao husafiri kwa upepo, mvua na meno ya msumeno. Doa la bluu peke yake halipunguzi nguvu ya ubao kwa kiasi cha kujali kwenye kenchi, na mbao yake hunywa dawa hata kwa urahisi zaidi. Linakuambia tu kwamba gogo lilikaa siku nyingi na unyevu wake kabla ya kupasuliwa. Bonyeza kwa ncha ya kisu: ikizama na nyuzi kukatika kifupi bila kutoa kibanzi kirefu, huo si ubluu tena, ni uozo.

Baada ya kununua

Mbao iliyotoka mtungini imelowa upya. Iache chini ya kivuli wiki moja hadi mbili ili kromu imalize kufunga dawa. Joto la pwani linasaidia. Kisha ikaushe kabla ya kupigilia: panga kwa tabaka, weka vijiti vya sentimita 2.5 kila sentimita 60, vijiti vikae juu ya vijiti, tabaka la chini lisiguse ardhi, juu weka mabati chakavu na mawe. Upepo wa kusi ndio rafiki wa kazi hii, kuanzia mvua zinapokatika hadi kabla ya Novemba. Anayepanga kupaua Desemba akanunua mbao Desemba anapigilia mbao mbichi, na 2x6 itasinyaa milimita 4 hadi 5 kwa kimo ikiwa juu ya paa. Misumari inabaki imening'inia, bati linaanza kupiga kelele usiku wa upepo.

Kila unapokata, unaweza kufungua sehemu isiyo na dawa hata kama dawa ilijaa vizuri, kwa sababu kiini na nyufa haviko sawa kote. Paka vichwa vyote vilivyokatwa, matundu ya bolti na machanja ya maungio, mara mbili, kwa dawa ya kupaka ya nafthenati ya shaba yenye shaba asilimia 2. Kwa sehemu zilizo ndani ya dari tu, boroni inatosha: kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki kwenye lita 45 za maji ya moto, zikoroge hadi ziyeyuke, paka kabla hayajapoa. Boroni ni kali kwa mchwa na bungua na haina harufu, lakini mvua huiosha, kwa hiyo usiiweke kwenye fisha bodi.

Misumari iwe iliyopakwa zinki. Shaba iliyo kwenye mbao pamoja na chumvi ya bahari hula msumari wa kawaida, na msumari ukishapungua unene, kenchi nzima imebaki kushikiliwa na uzito wa bati.

Kuhusu vifundo: humo ndimo utomvu uliobaki ulipojificha, na rangi za maji za dari haziwezi kuuzuia, kwa sababu hauogopi maji. Joto la bati linaulainisha, unapita kwenye rangi na kuacha alama za njano. Mbao iliyokaushwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 70 au zaidi kwa muda wa siku moja hivi utomvu wake hutulia, kwa kuwa sehemu kubwa ya tapentaini imetolewa. Nyingi zinazofika kwetu zimekaushwa kwa jua, kwa hiyo paka kila kifundo shelaki (vanishi ya spiriti) mara mbili kabla ya rangi. Utomvu uliokwisha kutoka usikwanguliwe ukiwa laini. Futa kwa kitambaa chenye tapentaini au spiriti.

Jambo linaloangusha mapaa mazuri ni kuchanganya. Fundi hupungukiwa, anajazia vipande vyeupe vya kukazia, vya kushikia dari, vya kuegemeza. Mchwa hawali mbao yenye dawa, ila wanajenga njia ya udongo juu yake na kuifuata hadi kwenye kipande cheupe. Kipande kimoja cha futi moja kwenye kona ya bafu kinaweza kuwa stendi yao. Hata hivyo kenchi yenye dawa haichukui nafasi ya dawa ya mchwa kwenye msingi wakati wa kujenga.

Isikotakiwa

Usiitumie mbao ya kiwango cha paa kwa nguzo ya fensi. Pale nguzo inapotokea ardhini ndipo unyevu, hewa na mchwa vinapokutana, na kilo 4 hazitoshi. Nguzo nunua ya mviringo, iliyotiwa dawa kwa kiwango cha ardhini, na upande uliotoka kiwandani ndio uingie udongoni, siyo ule ulioukata. Mafuta ya ganda la korosho, ambayo wengi hapa hupaka kwenye nguzo, yana asidi ya anakadiki na kadoli, na ni msaada wa juu tu, hayapenyi. Yanababua ngozi pia, vaa glavu.

Marekani na nchi za Ulaya zilipunguza matumizi ya dawa hii majumbani kuanzia mwaka 2003 na 2004 kwa sababu ya aseniki. Kwenye kenchi iliyofichwa juu ya dari mkono haufiki. Lakini isiwe meza ya kulia, ubao wa kukatia samaki, kitanda cha mtoto, hori la mbuzi wala banda ambalo kuku hudonoa kuta. Anayeipasua kwa msumeno wa umeme avae barakoa, na unga ukusanywe. Vipande vilivyobaki visiingie jikoni kabisa: moshi wake na majivu yake yana aseniki, na majivu ni hatari zaidi, kwa kuwa mtoto huyachezea na mama huyamwaga kwenye bustani ya mchicha. Mbao nyeupe yenye utomvu ni kuni nzuri ya kuwashia mkaa, ya kijani hapana. Mwambie fundi siku ya kwanza, kabla vijana wake hawajachota vibanzi vya kupikia ugali wa mchana.

Kwa wa Lindi mjini, Mingoyo na Nachingwea, shauri letu la mwisho ni la kuagiza. Jumlisha mahitaji na majirani wawili watatu wanaopaua msimu huo, mfikie lori zima, na muagize kutoka kiwanda chenye mtungi kikiwa kimeandika kwenye risiti kiwango cha dawa kwa mita ya ujazo na matumizi yake. Muweke sharti kwamba ubao mmoja katika kila hamsini utakatwa katikati mbele ya dereva kabla ya kushusha. Mkikuta mweupe ndani, lori lirudi na mzigo wake.